Kura za Roma zililipiwa na wasiopiga kura

Tarehe 15 ya mwezi ambao leo tunauita Julai, mwaka 54 KK, riba mjini Roma ilipanda maradufu, kutoka asilimia 4 kwa mwaka hadi asilimia 8. Haikupandishwa na vita wala njaa. Ulikuwa uchaguzi. Wagombea wanne walikuwa wanawania nafasi mbili za ukonsuli, cheo cha juu kuliko vyote katika jamhuri ile, na walikuwa wanakopa kama watu waliopagawa. Wenye fedha wakaona soko limechangamka, wakapandisha bei. Cicero, wakili na mwanasiasa ambaye barua zake ndizo zinazotuwezesha kuisikia Roma ikisengenya, alimwandikia mdogo wake Quintus kwamba wagombea walikuwa tayari kuahidi hata sesterti (sarafu ya Roma) milioni 10 kwa kundi moja tu la wapiga kura: lile linalotangulia kupiga. Wakati huo askari wa kawaida alilipwa mamia machache ya sesterti kwa mwaka mzima.

Tumezoea kusimuliwa anguko la jamhuri ya Roma kama kisa cha umma ulioharibika. Wananchi walipenda mkate na michezo, wakauza kura zao kwa mlo mmoja, mwishowe wakapata walichostahili: mfalme asiyeitwa mfalme. Kisa hiki hupendwa na watawala wa kila zama, kwa sababu lawama yote inaangukia tumbo la maskini. Mimi sikikubali. Ukiifuata fedha yenyewe, ilikotoka na ilikokwenda, unamkuta maskini wa Roma yuko pembeni kabisa. Mafungu manono yalichukuliwa na watu wenye mali zao, na bili ikapelekwa kwa watu ambao hawakuwa na kura hata moja: wakulima wa Sicily, madiwani wa Cyprus, walipa kodi wa Asia Ndogo, Uturuki ya leo.

Kwanza waliopokea. Makonsuli na mapretori, mahakimu wakuu waliowafuata kwa cheo, walichaguliwa katika mkutano uliowagawa raia wote katika makundi 193 yaliyoitwa senturia, na kila kundi lilihesabiwa kuwa kura moja. Wapanda farasi, tabaka la matajiri, walikuwa na makundi 18. Daraja la kwanza la wenye mali lilikuwa na 70. Raia wasio na kitu, hata wawe maelfu kwa maelfu, walirundikwa katika kundi moja. Makundi yaliitwa kwa ngazi, matajiri wakitangulia, na mgombea aliyefikisha makundi 97 alikuwa amepita. Nafasi zikishajaa, zoezi limekwisha. Pale ambapo wenye mali walikubaliana mapema, watu wa madaraja ya chini walirudi makwao bila hata kuitwa.

Lile kundi la kutangulia lilipatikana kwa bahati nasibu kutoka miongoni mwa vijana wa daraja la kwanza. (Ujana wa kijeshi kwa Mrumi ulifika hadi miaka 46, jambo ambalo wapo viongozi wa vijana huku kwetu watalipenda.) Matokeo yake yalitangazwa papo hapo, kabla wengine hawajapiga, na Warumi waliyachukulia kama ishara ya miungu, waliofuata walielekea kuifuata ishara hiyo. Kwa hiyo aliyeliteka kundi hilo alikuwa ameuteka uchaguzi nusu yake. Ndiyo maana bei ilifika milioni 10, na ndiyo maana nasema hongo kubwa ya mwaka ule ilikuwa hongo ya mwenye shamba na watumwa, siyo ya mbeba mizigo wa kando ya mto Tiber. Mbeba mizigo aliambulia karamu na nafasi ya kukaa kwenye michezo.

Na ule mkate? Tangu sheria ya Gaius Gracchus ya mwaka 123 KK, raia wa Roma waliuziwa nafaka kwa bei nafuu isiyobadilika, na mwaka 58 KK mwanasiasa Clodius akaifanya iwe bure. Lakini nafaka hiyo ilitolewa kwa sheria, kwa raia wote waliostahili, bila kuulizwa walimpigia nani. Kuiita hongo ni kuchanganya mambo. Hata Cato, yule mkali wa maadili aliyeamini kwamba kila senti ya hazina ina roho, alikuwa wa kwanza kupendekeza mgawo wa nafaka uongezwe mwaka 62 KK alipoona Caesar anapendwa kupita kiasi.

Hongo yenyewe ilikuwa na wataalamu wake. Mbali na senturia, raia waliandikishwa katika makabila 35, manne ya mjini na 31 ya mashambani. Haya hayakuwa makabila ya damu bali ya usajili, na hata makundi ya wenye mali katika ule mkutano mkuu yalikuwa yameunganishwa nayo. Kila kabila lilikuwa na wagawaji wake. Asili yao haikuwa ya aibu, kwani walianza kama watu wa kugawa zawadi halali za wakubwa kwa wanakabila wenzao. Baadaye wakawa makuwadi wa kura, na kando yao wakazuka watu wa kati wa kushika dhamana: mgombea anaweka fedha kwao, uchaguzi unapita, matokeo yakiwa kama yalivyoagizwa fedha inatoka. Mpango wa aina hii unahitaji uaminifu mkubwa. Sijui kama kuna biashara yoyote Roma iliyoendeshwa kwa uaminifu kuliko hii.

Utaratibu huo ndio unaoeleza kwa nini kura ya siri haikusaidia. Zamani Mrumi alitamka kura yake kwa mdomo mbele ya karani. Mwaka 139 KK sheria ya Gabinius, tribuni, yaani mtetezi wa wananchi, ilileta kibao kidogo kilichopakwa nta: mpiga kura anapita juu ya daraja jembamba la mbao, anatumbukiza kibao chake kikapuni, anashuka. Miaka 20 baadaye Gaius Marius akayafanya madaraja yenyewe yawe membamba zaidi, ili wapambe wa wakubwa wakose pa kusimama na kuchungulia. Ungetegemea mirija ya hongo ikatike hapo, kwa maana nani atalipia kura asiyoiona? Haikukatika, kwa kuwa kilichouzwa kilikuwa kura ya kundi zima, na matokeo ya kundi yalitangazwa hadharani. Siri ilimlinda mtu mmoja mmoja dhidi ya bwana wake. Hilo si dogo, na wakubwa walilichukia. Cicero, katika kitabu chake juu ya sheria, anapendekeza wananchi wabaki na vibao vyao lakini wavionyeshe kwa hiari kwa watu bora kabla ya kuvitumbukiza. Watu bora ni akina nani, msomaji atakisia mwenyewe.

Wala Roma haikukosa sheria za kupambana na hongo. Zilirundikana. Mwaka 358 KK ilipitishwa moja ya kuwazuia wagombea kuzunguka kwenye magulio na mikusanyiko ya vijijini, na Livius, mwanahistoria anayetupa habari hiyo, anasema wazi kwamba walengwa walikuwa watu wapya, wale ambao ukoo wao haujawahi kushika cheo. Yaani tangu mwanzo sheria hizi zilikuwa na upande. Mwenye jina kubwa hahitaji kwenda guliani. Gulio humjia nyumbani kila asubuhi kumsalimia. Zikafuata sheria za mwaka 181, 159, 81, 67, na adhabu zikafika kwenye faini, kufukuzwa seneti, kuzuiwa kugombea maisha. Mwaka 63 Cicero mwenyewe, akiwa konsuli, akaongeza uhamisho wa miaka 10 na kupiga marufuku mtu kuandaa maonyesho ya gladieta, wapiganaji wa uwanjani, ndani ya miaka miwili kabla ya kugombea.

Wino haujakauka, sheria hiyo ikapata mteja. Lucius Murena alikuwa ameshinda ukonsuli wa mwaka uliofuata. Aliyeshindwa, mwanasheria bingwa Sulpicius Rufus, akamshtaki kwa hongo akisaidiwa na Cato. Na wakili wa utetezi ni nani? Cicero, mtunzi wa sheria, akiwa bado kwenye kiti cha ukonsuli, pamoja na wakili mwenzake Hortensius na tajiri Crassus. Hotuba yake ipo hadi leo na ni moja ya hotuba za kuchekesha zaidi zilizobaki kutoka zama zile. Hakujishughulisha sana kukanusha kwamba watu walikula na kutazama michezo. Alisema hiyo ni desturi ya wahenga; kwamba maskini hana njia nyingine ya kulipa fadhila za wakubwa ila kuwasindikiza wanapoomba kura, basi msimnyang'anye; kwamba Warumi wanachukia anasa ya mtu binafsi lakini wanapenda fahari ya hadharani. Akalikumbusha baraza la mahakimu habari za Tubero, mwanafalsafa aliyeandaa karamu ya msiba wa Scipio kwa viti vilivyotandikwa ngozi za mbuzi na vyombo vya udongo vya bei ya chini: wananchi hawakusahau, na alipogombea upretori zile ngozi za mbuzi zilimwangusha. Plutarch, mwandishi wa wasifu, anasema Cato alitabasamu na kuwaambia waliokuwa karibu, "Tuna konsuli mchekeshaji kweli." Murena aliachiwa.

Msomaji wa Tanzania hapa ameshafika mwaka 2000, pale sheria yetu ya uchaguzi iliporuhusu takrima kwa jina la ukarimu wa jadi, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Sitaki kuukuza ulinganisho huu. Mbunge wa Tanzania hapewi Sicily baada ya kushinda. Ninachotaka kionekane ni umbo la hoja: palipo na neno zuri la mila, mwenye uwezo wa kupika ndani ya neno hilo ni yule aliye na sufuria kubwa.

Cato, kwa upande wake, anasifiwa kuwa mtu ambaye fedha haikumgusa, na nadhani ni kweli. Lakini tazama mwaka 60 KK. Caesar anagombea akiwa ameungana na Lucceius, mtu wa ukwasi, wakakubaliana fedha za Lucceius ziahidiwe kwa majina ya wote wawili. Wapinzani wa Caesar wakaona hatari: akipata ukonsuli na mwenzake awe mtu wake, atafanya analotaka. Wakachangishana ili Bibulus, mkwe wa Cato, aahidi kiasi kile kile. Suetonius, mwandishi wa wasifu wa Caesar, anaandika kwamba hata Cato hakukataa kwamba hongo hiyo ilikuwa kwa manufaa ya taifa. Bibulus alishinda. Akautumia sehemu kubwa ya mwaka wake wa ukonsuli akiwa amejifungia nyumbani akichungulia mbinguni kutafuta ishara mbaya.

Sasa bili. Vyeo vya Roma havikuwa na mshahara. Mtu alipanda ngazi kwa fedha zake, na ngazi ya edili, msimamizi wa masoko na michezo, ndiyo iliyokuwa ya kufilisi. Caesar akiwa edili mwaka 65 KK alitoa jozi 320 za gladieta. Alipotaka kuondoka kwenda kutawala Hispania mwaka 61 wadai walimzuia, mpaka Crassus alipomdhamini kwa talanta 830 (talanta ni kipimo kikubwa cha fedha). Jibu la madeni haya lilikuwa moja kwa wote: jimbo la ng'ambo. Pretori au konsuli akimaliza mwaka wake Roma alitumwa kuwa liwali mahali fulani, na huko ndiko hesabu ilikosawazishwa. Verres, liwali wa Sicily kuanzia mwaka 73 hadi 71, alikuwa akisema, kwa mujibu wa Cicero aliyemshtaki, kwamba miaka yake mitatu ameigawa vizuri: mapato ya mwaka wa kwanza yake mwenyewe, ya mwaka wa pili ya mawakili wake, na ya mwaka wa tatu, ulionona kuliko yote, ya mahakimu.

Verres alikuwa mwizi wa wazi, na aliposhtakiwa akakimbilia uhamishoni. Ananivutia kidogo. Anayenivutia zaidi ni mtu wa heshima, Appius Claudius Pulcher, wa ukoo ambao ulikuwa umetoa makonsuli kwa karne kadhaa, kuhani mtabiri aliyeandika kitabu juu ya fani hiyo. Appius alikuwa mmoja wa makonsuli wawili wa ule mwaka 54 riba ilipopanda.

Yeye na mwenzake Ahenobarbus walikuwa wanakaribia kumaliza muda na walitaka majimbo yao, lakini taratibu za kisheria za kuwakabidhi hazikuwa zimekamilika. Wakaingia mkataba na wagombea wawili kati ya wale wanne, Memmius na Domitius Calvinus. Makonsuli watawasaidia kushinda. Nao wakishinda, watawatafuta makuhani watatu wa kuapa kwamba walikuwepo sheria fulani ilipopitishwa, sheria ambayo haikuwahi kupitishwa, na makonsuli wastaafu wawili wa kuapa kwamba walishuhudia uandishi wa azimio la kugharimia majimbo hayo, kikao ambacho hakikuwahi kukaa. Wakikosa mashahidi, watalipa fedha taslimu. Mambo haya hayakuishia kwenye maneno. Yaliandikwa, yakawekewa majina na dhamana. Memmius, akishawishiwa na jemadari Pompey, akasimama seneti na kuusoma mkataba wote.

Cicero anamsimulia rafiki yake Atticus hali ilivyokuwa baada ya hapo: Ahenobarbus alikuwa amebomoka kabisa, Appius alikuwa vile vile, hakupoteza kitu. Appius alitangaza kwamba sheria ipitishwe isipitishwe, yeye anakwenda Cilicia, hata kwa gharama zake. Na alikwenda. Uchaguzi ukaahirishwa mara baada ya mara, Roma ikakaa bila makonsuli hadi katikati ya mwaka 53. Wagombea wote wanne walifunguliwa mashtaka ya hongo. Mmoja wa washindi alikuwa Domitius Calvinus, aliyetia saini mkataba ule.

Cilicia ilikuwa pwani ya kusini ya Asia Ndogo na bara lake, na wakati huo Cyprus iliwekwa chini yake. Cicero ndiye aliyetumwa mwaka 51 kumpokea Appius, na alichokikuta alimweleza Atticus kwa maneno makali: miji imeuza mali yake yote ili kulipa kodi ya kichwa, kila mahali vilio, matendo yasiyo ya binadamu bali ya mnyama fulani mkali. Miji hiyo hiyo iliyokamuliwa ilikuwa inajiandaa kutuma wajumbe Roma, kwa gharama zake, kwenda kumsifu Appius. Cicero alizipunguza safari hizo. Wakati huo huo alikuwa anamwandikia Appius barua za upole na mapenzi, na hizo nazo zimebaki.

Salamis, mji wa pwani ya Cyprus, ulikuwa na mkasa wake. Mwaka 56 KK mji ulikopa fedha Roma kwa riba ya asilimia 48. Sheria ilikataza watu wa majimbo kukopeshwa mjini Roma, lakini seneti ilipitisha maazimio mawili maalumu kuruhusu mkopo huo. Ulipochelewa kulipwa, mdai aliyeitwa Scaptius alipewa na Appius cheo cha kijeshi na kikosi cha wapanda farasi. Akawafungia madiwani wa Salamis ndani ya ukumbi wao wa mikutano. Watano walikufa kwa njaa humo ndani.

Cicero aliwaondoa askari hao. Alikuwa ametangaza kwamba katika jimbo lake riba haitazidi asilimia 12, na watu wa Salamis wakasema watalipa kwa kiwango hicho hapo hapo. Kwa hesabu hiyo walidaiwa talanta 106. Scaptius alitaka 200. Kisha zikaja barua kutoka Roma na Cicero akagundua kwamba Scaptius alikuwa kivuli tu. Fedha zilikuwa za Brutus.

Brutus yule yule. Wasomaji wengi wa Kiswahili walimjua kupitia tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963: mtu mwadilifu kuliko wote, aliyemchoma kisu rafiki yake kwa ajili ya uhuru wa Roma. Alikuwa mkwe wa Appius na mpwa wa Cato, na Cyprus aliifahamu kwa sababu alikwenda huko na mjomba wake mwaka 58 Roma ilipokinyang'anya kisiwa hicho kwa mfalme wake. Watu wa Salamis waliomba angalau waweke fedha zao hekaluni ili riba isiendelee kupanda. Cicero, liwali mwadilifu kuliko wengi waliomtangulia, aliwakatalia ili asimuudhi Brutus, akaiacha kesi kiporo kwa atakayempokea.

Sisemi kwamba Brutus alikuwa ananunua kura kwa njaa ya madiwani wale. Ninachosema ni kwamba katika Roma ile huwezi kuutenga uchaguzi na jimbo. Appius alikula njama ya uchaguzi ili apate Cilicia. Alipoipata, akaigawa kwa jamaa na washirika wake kwa vipande, na kikosi cha Scaptius kilikuwa kipande kimoja. Aliporudi Roma alishtakiwa kwa uhaini, kisha kwa hongo ya uchaguzi. Walimtetea Hortensius na Brutus, akashinda kesi zote mbili, na mwaka 50 akachaguliwa sensori, msimamizi wa maadili ya taifa. Akawafukuza watu kadhaa kutoka seneti kwa utovu wa nidhamu.

Inafaa kuitazama miji midogo, kwa sababu huko picha ni tofauti. Hati ya mji wa Urso huko Hispania, koloni lililoanzishwa mwaka 44 KK kwa amri ya Caesar, ilimzuia mgombea kualika chakulani watu zaidi ya tisa kwa siku katika mwaka wa uchaguzi, akizidisha faini sesterti 5,000. Hati hiyo hiyo ikawalazimu waliochaguliwa kutoa si chini ya sesterti 2,000 za mifukoni mwao kwa ajili ya michezo ya mji. Kuta za Pompeii zimehifadhi maelfu ya matangazo ya kampeni za madiwani, mengine yakiwa na majina ya wanawake wa vilabu vya pombe ambao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Huko nako watu waligawa na kualika. Ila diwani wa Pompeii hakuwa na Cyprus ya kwenda kurudisha gharama zake. Alikula hasara yake akabaki na heshima, na sanamu kama ana bahati. Ukarimu wake ulikuwa na kikomo kwa sababu mfuko wake ulikuwa na kikomo.

Caesar alipouawa mwaka 44, Brutus na Cassius, mwenzake katika njama hiyo, walikwenda mashariki kukusanya nguvu za kuitetea jamhuri. Walizipata wapi fedha? Asia ililazimishwa kulipa kodi ya miaka 10 ndani ya miaka miwili. Mji wa Xanthos huko Lycia, kusini mwa Asia Ndogo, ulipokataa, Brutus aliuzingira, na wakazi wake wengi wakajiua pamoja na familia zao kuliko kujisalimisha. Hata vita ya mwisho ya uhuru wa Roma ililipiwa na wale wale.

Kilichofuata hakikumaliza hongo kwa sheria. Kilimaliza sababu ya kuhonga. Augustus, mrithi wa Caesar aliyebaki mtawala pekee, aliacha uchaguzi uendelee kwa sura, na siku ya kura aliwagawia wanakabila wa makabila yake mawili sesterti 1,000 kila mmoja ili wasitarajie kitu kutoka kwa mgombea mwingine yeyote. Mnunuzi alikuwa amebaki mmoja. Mwaka 14 BK, Tiberius, mrithi wake, alipoingia madarakani, uchaguzi ukahamishwa kutoka uwanja wa wananchi kwenda ndani ya seneti. Mwanahistoria Tacitus anasema umma ulinung'unika kidogo tu, na maseneta walifurahi kuondolewa gharama za kuhonga na aibu ya kubembeleza. Takriban miaka 100 baadaye ndipo mshairi Juvenal anaandika ule mstari wa mkate na michezo ambao kila mtu anaunukuu. Wanaounukuu huruka maneno yaliyoutangulia. Juvenal anasema watu wamepoteza hamu ya mambo ya dola tangu waache kumuuzia mtu yeyote kura zao. Kwake yeye mkate na michezo vilikuja baada ya soko la kura kufungwa. Ni chakula cha watu ambao kura yao haitakiwi tena na mtu.

Na majimbo? Tacitus anayataja mwanzoni kabisa mwa historia yake, kwa sentensi moja. Hayakuupinga utawala mpya, anasema, kwa kuwa yalikuwa yameshakosa imani na utawala wa seneti na wananchi, kwa sababu ya mivutano ya wakubwa na ulafi wa maliwali, huku sheria zikiwa hazina msaada, zimevurugwa kwa mabavu, kwa hongo ya uchaguzi, na mwisho kwa fedha. Sidhani kwamba Augustus aliwapenda watu wa Salamis kuliko Cicero alivyowapenda. Lakini liwali aliyetawala chini ya mtu mmoja hakuwa na daraja la kwanza la kulilipa, na kwa mtu wa Cyprus tofauti hiyo ilitosha.